Raba za Mbaruku

Mwenye miguu si mwenye njia. Mmemsikia mama yenu akimtupia yule wa bodaboda maneno hayo, mkacheka, sasa mnaniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, na msinikatize. Mambo yalikuwa hivi.

Tanga mjini alikuwepo kijana mmoja, Mbaruku, mbeba mizigo wa sokoni. Nguvu anazo, subira hana. Ukimwambia "ngoja" umemtukana. Aliishi na bibi yake, Bi Mwamvua, mwanamke mwembamba, mdomo mkali, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho; mchana alikuwa anaona mwanga tu.

Bi Mwamvua kazaliwa Mwambachaza, kijiji kilichokaa kwenye ulimi wa mchanga ng'ambo ya ghuba. Pazuri kweli: nyumba za mawe zimepakwa chokaa, miti ya mikadi mpaka ufukweni, upepo haukatiki. Watu wa mjini walikuwa wakienda kushinda huko, jioni wanarudi wamepona uchovu. Bi Mwamvua alikuwa hajakanyaga huko tangu agombane na dada yake, Bi Mize. Waligombania kinu cha marehemu mama yao. Kinu! Bi Mize akabaki na kinu, Bi Mwamvua akaondoka na mchi, wakanuniana mpaka wakazeeka.

Siku moja ikaja habari: Bi Mize anahamia Pemba kwa mwanawe. Anaondoka kesho.

"Mume wangu," Bi Mwamvua akamwambia mjukuu wake, maana ndivyo alivyozoea kumtania, "nipeleke Mwambachaza. Tushinde, jioni turudi."

"Na akikufukuza?"

"Anifukuze nikiwa mbele yake. Nyanyuka!"

Walipofika pwani maji yalikuwa yamepwa, ghuba imebaki uwanda wa mchanga na tope. Mwenye mtumbwi kaenda mazikoni. Hakuna njia ila kuvuka kwa miguu kabla maji hayajajaa. Mbaruku akachuchumaa, bibi akapanda mgongoni.

"Vua viatu."

Mbaruku akazitazama raba zake. Mpya, nyeupe pee. Yaani mtu atoke mjini, afike kijijini kwa watu pekupeku?

"Umevua?"

"Nimevua, Bibi."

"Haya, shika kushoto mpaka usikie maganda ya kombe chini ya unyayo. Ukishayasikia usiyaache."

Mbaruku maganda hayaoni. Anachokiona ni kijiji, kile pale mbele, cheupe, na macho yake mazima. Akakata moja kwa moja.

"Umeyasikia?"

"Nayasikia."

Kufika katikati, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Hatua ya pili, mpaka kwenye goti. Akauchomoa kwa nguvu: chwaku!

"Mbaruku."

"Naam."

"Unyayo wa mtu haulii hivyo."

Mbaruku akajaribu kuuchomoa mguu wa pili polepole. Chwaku!

"Umevaa viatu wewe!"

"Nimevaa."

"Na maganda?"

"Sijasikia hata moja."

"Mwe!" Bi Mwamvua akamchapa kofi la kisogo. "Nimempanda punda, tena punda mwenyewe mwongo!"

Hapo hapo maji ya kwanza yakapita miguuni, membamba, yanakimbilia pwani.

"Bibi, maji yanajaa. Turudi. Tutakuja siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Kesho Mize hayupo. Mimi na yeye hatuna siku nyingine. Wewe kama unarudi, nitue hapa, nitakwenda kwa magoti."

Akaanza kushuka kweli. Mbaruku akamkaza miguu.

"Tulia, Bibi! Sirudi. Niambie nifanye nini."

"Vua hayo makwato yako kwanza."

Raba moja ilikuwa imeshamezwa na tope. Ya pili akaivua, akaining'iniza shingoni.

"Upepo unakupiga wapi?"

"Usoni."

"Geuka mpaka ukupige sikio la kulia. Haya, tembea. Chini kuna nini?"

"Tope."

"Endelea."

"Tope, Bibi, na maji yamefika magotini."

"Nimekuuliza maji? Endelea."

"Majani."

"Tumekaribia."

Mara kitu kikamng'ata unyayo. Kruk! Chini ya mchanga palikuwa pagumu, uti mwembamba, upana wake kama kitanda.

"Maganda!"

"Wanawake wa kwetu wakitoka kuokota kombe humwaga maganda hapo. Bibi zangu walimwaga, mama yangu akamwaga, na mimi nilimwaga. Mchanga umeyafunika, jicho haliyaoni. Nyayo ndizo zinazoyaona."

Mbaruku akashika njia. Maganda yanamchana, maji yanapanda mapajani. Ghafla njia ikapinda.

"Inatupeleka kando! Kijiji kile pale!"

"Ifuate."

Akauma meno, akakipa kijiji mgongo, akaifuata. Maji yalipomfika kiunoni njia ikarudi yenyewe, ikawatoa ufukweni.

Bi Mize alikuwa amekaa kizingitini kwake, kajikunja kama kamba wa kukaushwa. "Nani huyo anabebwa kama gunia la mkaa?"

"Mimi, Mwamvua. Nimekuja kwa habari ya kinu."

Bi Mize akajiinua pale kizingitini. Mbaruku akaona hapa tunafukuzwa.

"Kinu kimeliwa na mchwa," Bi Mize akasema. "Na hata kilipokuwa kizima nilitwangia nini? Mchi ulichukua wewe."

"Mchi naegemezea mlango."

Wakaangua kicheko wale vikongwe, wakashikana, kicheko kikageuka kilio. Siku nzima walilala mkeka mmoja wakisengenya waliokufa. Mbaruku akapakwa mafuta ya nazi nyayoni, akala mpaka akalegea.

Jioni maji yakapwa tena. Vijana wa Mwambachaza wakamsindikiza Mbaruku ufukweni, wamesikia alivyovuka na maji ya kiunoni.

"Wewe jamaa una miguu!" mmoja akamsifu. "Nguvu zote hizo, si ukate tu moja kwa moja? Pwani si ile pale!"

Mbaruku akasogea alipo bibi yake. Akachuchumaa. Bi Mwamvua akapanda.

"Bibi, naanzia wapi?"

Wale vijana wakacheka. "Miguu yako mwenyewe, halafu unamwuliza asiyeona?"

Mbaruku akaipapasa ile raba moja shingoni, akasimama na mzigo wake.

"Cheka tu, ndugu yangu," akasema. "Mwenye miguu si mwenye njia."