Fundo la Mgongoni

Mwanamke mmoja mfua nguo alikuwa na mdogo wake wa kike, na zaidi ya huyo hakuwa na mtu duniani. Yeye aliitwa Anaeli, mdogo wake Nakundwa. Mama yao alifariki Nakundwa akiwa hajaota meno, na Anaeli, ambaye naye alikuwa binti mdogo, akamfunga mgongoni kwa mbeleko ya mama akaenda naye kufua. Akafua mpaka mdogo wake akamaliza shule, akafua mpaka akaingia chuo cha mjini, na huko Nakundwa akajifunza Kijapani akakijua vizuri. Rafiki zake wa chuoni hawakujua habari za beseni la kufulia. Alikuwa amewaambia ametoka kwenye familia inayojiweza, na uongo ule aliutunza hata akauzoea.

Ikakaribia siku ya tamasha la utamaduni wa Kijapani. Chuo kilitangaza kwamba msichana atakayevaa kimono cha zamani kilichokamilika, kuanzia ukosi hadi viatu, ndiye atakayesimama mbele kuwakaribisha wageni. Nakundwa aliitaka nafasi ile kuliko chakula. Kimono chenyewe alikipata kwenye marobota ya mitumba, hariri ya zambarau iliyofifia mabegani, na muuzaji alidhani ni gauni la kulalia. Lakini kimono peke yake ni kitambaa tu. Hakina kifungo wala zipu. Hukaa mwilini kwa kamba zinazofungwa kwa ndani, na juu ya kamba hizo mkanda mpana unaozungushwa kiunoni na kufungwa fundo kubwa mgongoni. Viatu Nakundwa aliviazima, lakini ukosi, mkanda na kamba hakuwa navyo. Basi akarudi kwa dada yake, kama alivyorudi kila alipopungukiwa.

Anaeli hakuuliza maswali mengi. Alikianika kimono kivulini ili jua lisizidi kukipausha. Ukosi mweupe akaushona kutoka kwenye gagulo la marehemu mama yao. Kwa mkanda akashusha pazia la mlango wake, pazia zito la maua ya dhahabu, kitu pekee kizuri katika chumba kile, akalikata na kulishona upya. Zikabaki kamba za ndani, zile ambazo hakuna anayeziona. Hapo akafungua sanduku akaitoa mbeleko. Aliishika kidogo mapajani, kisha akaichana vipande virefu. Nakundwa alisikia kitambaa kikichanika, asigeuke. Alikuwa akijitazama kwenye kioo.

Asubuhi ya tamasha walifunga, wakafungua, wakafunga tena. Mara mkanda ulilegea, mara fundo lililala upande. Anaeli aliitazama picha ya fundo aliyoletewa na Nakundwa, akapiga magoti nyuma ya mdogo wake, akaanza upya, mpaka fundo likakaa. Kisha akamvalisha viatu, maana aliyefungwa vile hawezi kuinama vizuri, akachomeka pini chache kifuani kwake mwenyewe endapo zitahitajika, wakaondoka pamoja. Walipofika ukumbini Nakundwa alimwambia abaki nyuma, karibu na mlango. Kanga ya dada yake ilikuwa imechakaa, na mikono yake ilinuka sabuni ya mche.

Nakundwa alipendeza, hilo siwezi kulificha. Watu walisogea kumtazama, na miongoni mwao alikuwamo Bi Hayami, mgeni mzee kutoka Japani aliyekaa nchini miaka mingi na kukijua Kiswahili. Alimzunguka taratibu, akasimama nyuma yake.

"Nani amekufunga?" aliuliza.

Nakundwa akacheka. "Nimejifunga kibwebwe mwenyewe, bibi."

Watu wakacheka naye, kwa sababu jibu lilikuwa tamu. Kwetu kibwebwe mwanamke hujifunga kiunoni kwa mikono yake, na anayejitahidi bila kutegemea mtu tunasema amejifunga kibwebwe. Nakundwa alitaka aaminiwe kwa maana zote mbili. Lakini Bi Hayami hakucheka. Alisema fundo la namna ile halifungwi na mwenye mgongo, akaanza kuangaza macho ukumbini kumtafuta mfungaji, na wengine nao wakageuka. Wakamwona mwanamke mlangoni, mwenye pini kifuani.

Rafiki mmoja wa chuoni akauliza, "Yule ni nani wako?"

Neno lililotakiwa ni fupi. Nakundwa alilijua kabla hajajua maneno mengine yote. Akajibu, "Ni msichana wetu wa kazi."

Naona haya hata kulisimulia. Anaeli alisikia, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umetulia.

Basi Nakundwa, akitaka jambo lile lipite haraka, akainama kuwasalimu wageni kama alivyofundishwa. Aliinama mno. Mkanda ukateleza, fundo likafumuka, kimono kikaanza kuachia. Akaupeleka mkono mgongoni na mkono haukufika. Wasichana waliomzunguka hawakujua pa kushika. Ndipo Anaeli akatoka mlangoni, akapita katikati ya watu wote, akapiga magoti nyuma ya mdogo wake.

"Samahani, madam," alisema. "Naomba nikufunge vizuri."

Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwa kejeli. Alisema hivyo ili uongo wa mdogo wake usidondoke pamoja na mkanda. Akafunga, akakaza, akampapasa kidogo mgongoni kumjulisha kwamba amemaliza, akarudi mlangoni. Nakundwa akapewa nafasi yake. Alisimama mbele, akawakaribisha wageni kwa Kijapani safi, wakampigia makofi, na muda wote huo alitazama sakafu. Watu walidhani ni adabu.

Jioni walirudi nyumbani. Mlango wa Anaeli haukuwa na pazia, na wapita njia walichungulia ndani walivyotaka. Nakundwa alisimama katikati ya chumba akiwa bado amevaa, kwa sababu nguo ile hakuweza kuivua peke yake. Aliona aibu kumgeuzia dada yake uso, na aliona aibu kubwa zaidi kumgeuzia mgongo. Anaeli alingoja kidogo, kisha akazunguka mwenyewe, akaanza kulifungua fundo, polepole, asije akaiharibu hariri.

Nanyi mliokaa hapa mmependeza, nawauliza: yule aliyewafunga mgongoni, watu wakiwauliza, mnasema ni nani wenu?