Kunguru Alipopiga Hodi

Eti, "Nyumba ya kaka yangu hii, shemeji, naingia bila hodi!" Mbaruku huyo, mdogo wake marehemu babu yako. Kaniambia mimi, nimesimama jikoni kwangu, mwiko mkononi! Na kamba kaja nayo, anapima vyumba, mimi nitoke aingie mwanawe! Haya. Siwema mjukuu wangu, kaa kitako.

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa nyumba!

Pakawa mlango!

Alikuwapo Chozi, kijindege, ukimfumba kiganjani humwoni. Kajenga peke yake kwenye mkomamanga. Utando wa buibui, jani kavu. Utando wa buibui, jani kavu. Mumewe? Yuko juu anaimba, tii-tii-tii! Hajaleta hata unyasi.

Akataga. Akaja Kunguru, kraa! Hodi hakupiga. Domo ndani, kapwa! Mayai hayapo.

"Bwana Kunguru, hata hodi?"

"Hodi ya nini, kibanda chenyewe kama limau!"

Chozi akalia, akajenga tena. Utando wa buibui, jani kavu. Akataga. Kraa! Kapwa!

Ah! Chozi akahamia tawi la nyigu. Yeye hawagusi, nao hawamgusi. Utando wa buibui, jani kavu. Akataga.

Kraa!

"Karibu, shemeji," Chozi kamwahi. "Lakini hapa ukumbini utapata nini? Safari hii mayai nimeyaweka chumba cha ndani. Kile pale."

Kunguru akakiona kiota cha nyigu, kikubwa, kimetuna. Mate yakamtoka.

"Yamejaa?"

"Yamejaa, yanagongana! Ila anayelinda ni mama mkwe wangu, kiziwi, na bila hodi hafungui. Gonga kwa nguvu."

"Hodi!" Ko!

Kimya.

"Hodi!" Ko, ko!

Kimya.

"Hodi, we kizee!" Ko-ko-ko!

Vuuuuu!

Wakamkaribisha. Jichoni, chwi! Ulimini, chwi! Makalioni, chwi, chwi! Akakimbia hajui aendako, na makinda ya Chozi yakakua, yakaruka.

Hadithi nimeifunga na komeo nimetia. Fundisho lake? Usipige hodi, mjukuu wangu! Kunguru alipokuwa hana adabu alikula, akashiba, akarudia. Siku aliyoshika adabu ndiyo kavimba uso.

Sasa nenda kwa Mbaruku, ukamweleze vile vile nilivyokueleza. Mwambie aje, na kamba yake asiisahau. Mwambie, "Shemeji yako kasema karibu, upite mlango wa nyuma, ugonge kwa nguvu."