Neno Lililopanda Ngazi

Wewe unayesoma huku umebetua mdomo, ukijiambia "hizi porojo za kwenye simu," koma hapo hapo. Hukuwepo. Hukulala juu ya jamvi lile, wala hukuusikia ule mlango ukilia. Kama huna subira, mpe simu mwenye subira. Kama unayo, kaa kitako usome mpaka mwisho, halafu ndipo ubishe.

Palikuwa na mjane wa Kihindi, mwenyeji wa Tanga, akiitwa Rambha. Mumewe aliweka nadhiri ya kwenda kuhiji kwenye hekalu moja huko Gujarati, walikotoka babu zake, wakati wa sikukuu kubwa. Akafa hajaenda. Nadhiri ikabaki kwa mkewe, kama vinavyobaki viatu vya marehemu. Basi Rambha akafungasha nguo zake ndani ya khanga, akasafiri na wifi yake Jekor, dada wa marehemu. Jekor alikuwa mwanamke mwoga wa mende, lakini hodari wa kusema watu.

Walipofika, mji ulikuwa umefurika. Watu barabarani walikwenda bega kwa bega, na ukiangusha kitu usithubutu kuinama. Rambha alivuliwa ndara zote mbili na miguu ya watu asiowajua. Akaingia peku kwenye nyumba ya mahujaji, ambayo wenyewe huiita dharmashala, na huko nako hakukuwa na nafuu.

Chumba cha wanawake kilikuwa juu kabisa. Ngazi ya kukifikia ilikuwa nyembamba na yenye giza, imejipinda kama utumbo. Chini ya ngazi wauza chai wameweka jiko la mafuta ya taa, na kando ya jiko magodoro ya pamba yamerundikwa hadi darini. Rambha aliuona ule mwali ukiyalambalamba magodoro kwa mbali.

Chumbani watu wamelala kama dagaa juani. Dirisha lina vyuma. Mlango ni mmoja, wa mbao nzito, na unafunguka kwa kuuvutia ndani.

Rambha akamwita msimamizi wa nyumba, mzee aitwaye Popatlal.

"Mzee wangu, mlango huu mbona unavutwa kwa ndani? Watu wakitaka kutoka kwa pamoja, nani atauvuta?"

"Mama, mlango huu umenizidi umri."

"Ndiyo maana umekuwa mkaidi."

Popatlal akacheka. "Hapa mahujaji hutoka mmoja mmoja, kwa adabu."

"Adabu?" Rambha akamwonyesha miguu yake mitupu. "Adabu nimeikuta hapo barabarani. Imeondoka na ndara zangu."

Basi akatandika jamvi lake ubavuni mwa mlango, mahali ambapo kila apitaye humpiga teke. Jekor akamcheka. Rambha alikuwa akilitazama komeo la mlango, na kila harufu ya mafuta ya taa ilipopanda, alishika ukuta kuona kama una joto.

Jirani yao wa jamvi aliitwa Godavari, mwanamke mpole wa shamba. Alikuja na mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye masharubu, aliyelala chumba cha wanaume ghorofa ya chini. Huyo mwana alikuwa na mwili, tusifichane. Jekor alipomwona, ulimi ukaanza kumuwasha.

"Wifi, umemwona yule?" akasema kwa Kiswahili, ili mwenyewe asielewe. "Yule hakuzaliwa, alipakuliwa melini."

Rambha naye hakuwa malaika. "Nyamaza. Akipanda gari la miungu, lile linalovutwa na mahujaji, kamba zitakatika na sikukuu itaishia hapo."

Wakacheka hadi machozi. Godavari akacheka nao, maana aliona wageni wamefurahi. Akafungua kopo lake, akawagawia vitafunwa vya dengu. "Kuleni, dada zangu. Mmetoka mbali."

Wakala. Wakaendelea kumsema mwanawe.

Siku nzima ikawa hivyo. Kigujarati kilitumika kuomba maji, na Kiswahili kusengenya watu. Mdomo ulikuwa Gujarati, lakini sikio lilikuwa limebaki Tanga.

Jua lilipozama, gari la miungu likapita mtaani, linavutwa kwa kamba, na ngoma zikatetemesha madirisha. Umeme ukakatika. Chumba kikawa cheusi. Taa chache za samli zikawashwa huku na kule, katikati ya mitandio na matandiko, na kila mwali mmoja Rambha aliuona kama mdomo ulio wazi. Moshi ukaanza kupanda kutoka chini. Mtu mmoja alitoka akaurudisha mlango nyuma yake. Komeo likalia, ka!

Kisha ikaja sauti kutoka ngazini, sauti ya mwanamke aliyechanganyikiwa.

"Moto! Moto!"

Jekor aliruka kama aliyekalia sindano. "Moto! Wifi, moto! Tunaungua!"

Chumba kizima kikasimama. Hakuna aliyeuliza. Mwenzako akikimbia gizani, miguu yako haisubiri ruhusa. Wakaukimbilia mlango wote kwa mpigo, mzee na kijana, aliyevaa na asiyevaa. Wa mbele wakaufikia, wa nyuma wakawabana, na mlango wa kuvutwa kwa ndani ukageuka kuwa ukuta.

Jekor alikuwa wa mbele kabisa. Uso wake ulibandikwa kwenye mbao. Rambha, aliyekuwa amebanwa kwenye kona nyuma ya bawaba, aliliona jicho moja tu la wifi yake, limetoka, na mdomo unaofunguka bila kutoa sauti. Alinyoosha mkono akamshika kidole. Kidole kilikuwa kinalegea.

Akataka kupiga kelele. Lakini kelele zilikuwa nyingi tayari, na hapo ndipo alipozisikia vizuri.

"Nyoka!" alilia mmoja kwa Kigujarati. "Nyoka mkubwa!"

"Si nyoka, ni ukuta! Ufa mkubwa! Nyumba inaanguka!"

"Mto umefurika! Maji makubwa yanakuja!"

Rambha akashangaa. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyetaja moto? Kigujarati kina neno lake la moto, na neno hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwa mtu. Akaishika mbao ya mlango. Baridi. Akavuta pumzi. Moshi ule ulinuka kafuri na ubani wa lile gari la mtaani. Haukunuka pamba wala mafuta ya taa.

Halafu ile sauti ya ngazini ikaja tena, karibu, nyuma ya mbao, na safari hii ilikamilisha maneno.

"Maro moto! Maro moto kyan chhe?"

Alikuwa Godavari. Na kwa Kigujarati, lugha aliyonyonyeshwa nayo Rambha mwenyewe, moto ni mkubwa. Mama wa watu alikuwa anamtafuta mwanawe wa kwanza gizani: "Mkubwa wangu! Mkubwa wangu yuko wapi?"

Wanawake wa chumbani walisikia "kikubwa," wakaona mwenzao anakimbia kama anayejua, na kila mmoja akajichagulia kikubwa anachokiogopa. Waliosikia moto walikuwa wawili tu, nao walitoka Tanga.

Na Jekor alikuwa anakufa mlangoni kwa neno ambalo halikusemwa.

"Rudini nyuma! Hakuna kitu!" Rambha akapaza sauti. Nani amsikie? Akawatukana. Akawatukana tena, kwa lugha zote mbili. Hawakusogea hata kidogo.

Mguuni pake palikuwa na sinia la shaba la mtu, limepinduliwa, na kijiko juu yake. Akalivuta kwa vidole vya mguu, akajipinda hadi akalipata mkononi. Akalipiga. Akalipiga tena, kwa mapigo yanayojulikana na kila Mhindu tangu mgongoni mwa mama yake, mapigo ya ibada ya jioni, saa ya kuizungushia miungu taa. Akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, imekwaruza kama chungu kinachokwanguliwa ukoko. Akaimba hivyo hivyo.

Wa karibu naye wakageuza vichwa. Mmoja akaanza kumwitikia bila kujua kwamba anaitikia. Wa pili akafuata. Na ibada ile, ikianza, mtu hasukumi. Mtu husimama akakutanisha viganja kifuani.

Mikono iliyokuwa ikisukuma ikawaachia migongo ya wenzao na kukutana vifuani. Mgongo mmoja ukapata nafasi, kisha wa pili, na kundi zima likarudi nyuma kama maji yanayopwa.

Rambha hakungoja ubeti wa pili. Alimvuta Jekor kwa nywele, akamtupa juu ya jamvi, akaushika mlango akauvuta. Hewa ikaingia.

Kizingitini alikuwa amesimama Godavari, analia. Nyuma yake akatokea pandikizi la mtu mwenye masharubu, ameshika kikombe cha chai.

"Mama," akasema, "nani ananiita?"

Godavari akamchapa kofi, chai ikamwagika, halafu akamkumbatia. Watu wachache wakacheka. Wengi hawakuweza. Bibi mmoja alikuwa ameshika mbavu zake anatweta, binti mmoja mkono umevunjika, na pua ya Jekor ilikuwa inachuruzika damu. Hakufa mtu, lakini hakikubaki chochote cha kujivunia.

Kisha hofu, ilipokosa pa kukimbilia, ikageuka hasira.

"Ni huyu!" mwanamke mmoja akamnyooshea Godavari kidole. "Huyu ndiye aliyepiga mayowe. Atoke!"

"Atoke! Alale barabarani na mkubwa wake!"

Kule barabarani gari la miungu lilikuwa halijamaliza kupita. Ngoma zilikuwa zinatwangwa, na umati uliokuwa gizani ulikuwa ukinguruma. Mwanamke wa shamba, usiku unaingia, katikati ya ile miguu? Kila mmoja alijua maana yake. Godavari alijua pia. Alianza kukusanya vitu vyake, na lile kopo la dengu likamponyoka.

Jekor akamshika Rambha pindo la nguo. Akanong'ona kwa Kiswahili, damu mdomoni, "Wifi, nyamaza. Hawajui kama ni sisi. Hakuna anayetuelewa hapa."

Rambha akamtazama. Kisha akalitazama kopo la dengu.

Akasema kwa Kigujarati, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani: "Mwacheni huyo. Yeye alimwita mwanawe. Kule tunakotoka sisi, neno hilo ni la kuungua. Tuliopiga mayowe humu ndani ni sisi, na ninyi mkatufuata kama kondoo. Wifi yangu ameumia, hawezi kusimama. Anayetoka ni mimi."

Popatlal, aliyekuwa amefika anahema, akasogea kando ya kizingiti kumpisha.

Rambha akafunga nguo zake ndani ya khanga. Akaliokota kopo, akamrudishia mwenyewe. Kisha akamwinamia Jekor, akamwambia kwa Kiswahili, "Huyu uliyekuwa ukimla nyama mwanawe mchana kutwa ndiye atakayekufuta damu. Mpe pua, na ukome."

Ngazi ilikuwa mbele yake, nyembamba, nyeusi. Chini kabisa ule mwali wa jiko ulikuwa unacheza kando ya magodoro. Akavuka kizingiti peku, akashika komeo, akaufunga mlango nyuma yake.

Funzo: Hofu haina mkalimani. Ukisikia neno linalokutisha, muulize kwanza aliyelisema ana maana gani; na kama umekwisha kupiga mayowe, usimwache asiye na kosa atoke nje kwa niaba yako.