Mke wa Gaudensi

Mlango hugongwa, mtu huitwa.

Mmelisikia neno hilo leo asubuhi kwa mama yenu mkubwa, alipowakuta mnaupiga mateke mlango wa chumba alimojifungia dada yenu Konsolata. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya kuwafukuza tu. Sasa mnaniuliza limetoka wapi. Kaeni basi, maana halikutoka mbali. Mzizi wake uko katika mtaa huu huu wa Bomba Mbili, na mimi nilikuwapo. Kila methali ina siku yake ya kwanza, na siku ya kwanza ya hii ilikuwa hivi.

Palikuwa na dereva wa malori ya makaa ya mawe, Gaudensi Haule, mtoto wa Bibi Skola. Safari moja alirudi na mke kutoka kanda ya ziwa, msichana mrefu, mpole, asiyejua Kingoni hata neno moja. Mtaa ulimpokea kama mtaa unavyompokea mgeni, yaani kwa kumtazama. Mbona kwao hawaji kumwona? Mbona hakai kibarazani na wenzake? Bibi Skola alimwita mkamwana. Sisi majirani tulimwita mke wa Gaudensi, na alipopata mimba tukasema tungoje, mtoto akipewa jina naye ataitwa mama fulani.

Alijifungua mtoto wa kiume wakati wa baridi, Gaudensi akiwa safarini. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha mzazi akaacha kulala. Ukipita alfajiri unamkuta amekaa kizingitini, mtoto kifuani, macho makavu. Akaacha na kula. Uji aliopikiwa aliumwaga nyuma ya nyumba, na maji ya kunywa alichota mwenyewe, akayanusa kwanza. Siku moja nilimpelekea ndizi za kupika. Alizipokea kwa adabu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekutuma?" Nikamwambia hakuna aliyenituma. Akatabasamu kama mtu aliyemjua mwizi wake ila hataki kumtaja bado.

Nasi tukaanza kumshuku yeye. Wengine walisema ametupiwa kitu kutoka kwao. Wengine walisema mtoto si wa Gaudensi, ndiyo maana anamficha watu wasimwone sura. Mzee Kayuni, balozi wetu wa nyumba kumi, alisema mwanamke anayemwaga uji ana jambo lake. Na Bibi Skola, kwa hofu ya mjukuu, akaanza kutandika mkeka na kulala mlangoni kwa mkamwana wake. Hakumlinda, alimchunga. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mzazi alipomwona mama mkwe amelala pale, akaona amepata ushahidi: anangojwa asinzie, mtoto achukuliwe.

Basi siku moja, baada ya chakula cha mchana, aliingia chumbani akatia komeo. Tukasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, anakisogeza mlangoni. Mtoto alilia sana. Halafu akanyamaza, na hakulia tena.

Bibi Skola akaugonga mlango. "Mkamwana! Fungua!" Hakufunguliwa. Akasogea hadi dirishani, hatua chache kutoka mlangoni. Dirisha lilikuwa la mbao, lina upenyo mdogo kati ya mbao mbili. Akachungulia, akarudi nyuma kama aliyeungua.

"Ana kisu!" akapiga kelele. "Ana kisu mkononi! Jamani, amemuua mjukuu wangu!"

Ua ukajaa watu. Balozi akapiga simu polisi.

Sasa, wakati ule wilaya ilikuwa imeanza utaratibu mpya. Polisi wakiitwa penye mtu aliyechanganyikiwa, walimpitia kwanza muuguzi wa magonjwa ya akili, wakaja naye. Sisi hatukuwa tumewahi kuuona. Gari lilipofika wakashuka Sajini Mwakalobo na askari mwenzake mwenye bunduki, na nyuma yao akashuka mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani. Hana sare. Hana hata mkoba.

"Huyo nani?" watu wakanong'ona.

"Mpelelezi. Wanakuja hivyo hivyo, kama watu wa kawaida."

"Wapi! Huyo ni wa wale wanaochukua watoto wa wagonjwa, wakawagawa mjini."

Niwaambie kweli, hilo la pili liliaminika haraka zaidi. Wanawake wawili waliokuwa na watoto mgongoni walirudi hatua nyuma. Balozi Kayuni akasimama mbele ya yule mgeni.

"Samahani mama, wewe ni nani?"

"Naitwa Oliva Mbunda. Ni muuguzi wa hospitali."

"Muuguzi asiye na dawa?"

"Dawa nitatoa nikishamjua ninayemtibu," akasema, akampita.

Hata Sajini hakumwamini. Ilionekana wazi kwa jinsi alivyompa mgongo. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaugonga kwa ngumi mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye bati.

"Wewe mwanamke! Polisi! Fungua kabla hatujavunja!"

Ndani kitu kizito kikaburutwa. Kisha sauti yake, kavu, ikasema, "Nilijua mtakuja. Nilijua tu."

"Umesikia?" Bibi Skola akalia. "Anajua alichofanya!"

Sajini akampa ishara mwenzake wasimame wote wawili waupige bega. Nesi Oliva akaja akasimama kati yao na mlango.

"Afande, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Mtoto hasikiki. Akifia humo sisi tukipiga soga hapa, atakayeulizwa ni mimi, si wewe."

"Na ukivunja, naye ana kisu, na mtoto yuko mapajani mwake?"

Sajini akarudi hatua moja. Mwishowe akasema, "Jaribu. Nikisikia kitu nisichokipenda, naingia, na wewe utoke njiani."

Nesi akatugeukia sisi. "Anaitwa nani?"

"Mke wa Gaudensi," tukajibu karibu kwa pamoja.

"Nauliza jina lake."

Tukatazamana. Balozi akamtazama Bibi Skola. Bibi Skola akafungua kinywa, akakifunga. "Ni jina la kwao huko," akasema. "Gumu. Nya... Nya nini sijui. Mimi namwita mkamwana." Mtu mmoja akampigia Gaudensi simu, haikupatikana.

Nesi Oliva akachukua ndoo iliyokuwa kando ya karo, akaenda nayo dirishani, akaifudikiza, akaikalia. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tukasogea ili tusikie, kila mmoja akitaka kumkamata katika uongo.

"Dada," akasema. "Mimi naitwa Oliva. Ni muuguzi. Wewe unaitwa nani?"

Sauti ikatoka karibu sana na upenyo, "Unajua jina langu. Wote mnalijua. Mmeniandika."

"Silijui."

"Umetumwa na mama mkwe."

"Nimekuja na polisi. Waliitwa, wakanipitia. Jina lako silijui. Nimewauliza watu wote hapa uani, na hakuna hata mmoja anayelijua."

Kule nyuma mtu akaguna kwa hasira. Kwa nini anatuaibisha? Lakini ndani kukawa na mabadiliko. Tulisikia pumzi yake.

"Hawalijui?"

"Hawalijui. Wanasema mke wa Gaudensi."

"Hata yeye?"

Nesi akamtazama Bibi Skola, akarudisha uso dirishani. "Hata yeye. Amekumbuka mwanzo wake tu."

Nikadhani sasa ameharibu. Kumbe sivyo. Siku zile zote mama yule alikuwa akiamini kwamba mtaa mzima umekaa kikao juu yake, umemwandika jina, umempangia siku. Nani anampangia njama mtu ambaye hata jina lake halijui? Akaanza kulia taratibu, kilio cha mtu aliyechoka.

"Nyamizi," akasema. "Naitwa Nyamizi."

"Nyamizi," nesi akarudia. "Asante. Nyamizi, mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Msimwamshe."

"Naomba nimsikie. Mguse kidogo tu shavuni, kisha mpe ziwa."

Sajini alikuwa ameshaweka bega mlangoni. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kukereka, ya mtoto aliyekatizwa usingizi. Bibi Skola akaketi chini matopeni pale pale aliposimama.

Lakini msidhani mambo yalikwisha hapo.

"Askari wapo?" Nyamizi akauliza.

"Wapo. Wawili."

Sajini akamkodolea nesi macho. Alitaka aseme wameondoka.

"Wana pingu?"

"Wanazo." Nesi akageuka. "Afande, zipeleke garini. Naye mwenzako aende na bunduki yake. Anawaona kwa upenyo."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakuomba."

Tulidhani atakataa. Alivua zile pingu kiunoni polepole, akampa mwenzake, naye akaenda nazo na bunduki hadi garini. Yeye mwenyewe alibaki, ila alirudi mpaka kwenye uzio.

"Nyamizi, hicho kisu ni cha nini?"

"Cha kuwazuia wasimchukue."

"Mkono mmoja una mtoto, mkono mmoja una kisu. Kitanda utakisogeza kwa mkono gani?"

Akafikiri. Unaweza kumsikia mtu akifikiri, wajukuu zangu, kukiwa kimya hivyo. Halafu mpini ukajitokeza kwenye upenyo, kisu kikaanguka nje. Nesi hakukigusa. Alimwacha Sajini aje akikanyage.

"Nikitoka mtamchukua."

"Hapana. Mtakwenda hospitali pamoja, wewe umembeba. Unaumwa, Nyamizi. Ugonjwa huu huwapata wazazi wengine, wanajifungua salama kisha usingizi unakimbia na kila mtu anaonekana adui. Si kosa lako, na inatibika. Siwezi kukuahidi kwamba utarudi kesho. Nakuahidi mtoto atalala kitanda kimoja na wewe, na mimi nitakuwapo."

Kitanda kikakwaruza. Komeo likalia. Mlango ulipofunguka kidogo, Bibi Skola akainuka kwa pupa kumkimbilia mjukuu, na papo hapo mlango ukaanza kurudi. Nesi akamshika mkono.

"Mama, baki hapo. Mwite."

"Nimwite vipi?"

"Jina lake umelisikia."

Bibi Skola alisimama na khanga yake yenye matope. "Nyamizi," akasema, na lilimtoka vibaya, kama neno la lugha ya kigeni. Akarudia. "Nyamizi, mwanangu. Sitamgusa. Toka, upate kulala."

Nyamizi alimtazama kupitia ule mwanya muda mrefu. Hakumwamini, ilionekana usoni. Lakini alitoka, miguu mitupu, mtoto amefungwa kifuani kwa khanga mbili. Aliomba jambo moja tu, kwamba mama mkwe asipande gari lile. Bibi Skola akalikubali mbele ya watu, na hilo kwake lilikuwa zito kuliko mnavyodhani. Akafuata nyuma kwa bodaboda, akipakata nepi.

Mtaa haukuridhika. Gari lilipoondoka watu walisema, hao hawarudi. Gaudensi aliporejea alikwenda hospitali kwa hasira, akitaka kuonyeshwa mtoto kabla ya kusalimiana na mtu. Akaonyeshwa. Alikuwa ananyonya. Hata hivyo kuna waliosema yule si mtoto yule yule, kabadilishwa, na wengine waliendelea kusema hivyo mpaka mtoto alipoanza kufanana na Gaudensi kupita kiasi, masikio na yote.

Nyamizi alirudi baridi ilipokwisha, amenenepa kidogo, analala. Dawa aliendelea nazo, na nesi Oliva alikuwa akija kumwona. Watu bado walimkagua nesi huyo kama amekuja kuiba. Kati ya Nyamizi na mama mkwe wake mambo hayakunyooka kwa siku moja. Kwa muda mrefu hakunywa chai aliyopikiwa mpaka amwone mwenzake ameinywa. Bibi Skola hakumlaumu. Alimimina vikombe viwili, akanywa cha kwake kwanza bila kuambiwa, akaweka kikombe chini, kisha akasema, "Nyamizi, chai." Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa pale, nikamwona Nyamizi akichukua kikombe na kunywa wakati Bibi Skola bado anatafuta sukari. Bibi Skola alimwona. Akageuka ukutani akajifanya anapangusa kabati.

Na methali? Methali ilitoka kwa Sajini Mwakalobo, yeye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Mwaka uliofuata aliitwa nyumba moja kule juu ya soko, ambako mwanamume mmoja alikuwa amejifungia akitishia kujidhuru. Nesi Oliva alikuwa njiani, hajafika. Askari mmoja mgeni aliyehamishiwa kituoni akaugonga mlango, akaugonga tena, akatukana, akainua buti auvunje. Sajini akamshika bega.

"Wewe, unaongea na nani? Na mbao?" akamwambia. "Mlango hugongwa, mtu huitwa."

Waliokuwapo walilichukua neno hilo wakalipeleka sokoni, na kutoka sokoni likaenda kila mahali, mpaka likafika kwa watu wasiomjua Sajini wala Nyamizi. Leo hutumiwa kwa mume aliyenuna, kwa mwanafunzi aliyegoma, kwa jirani asiyesalimia. Lakini siku ile lilimhusu mtu aliyekuwa peke yake nyuma ya mbao, akisikia ngumi tu. Yule askari mgeni alishusha mguu, akaona haya kidogo, akamgeukia mama mwenye nyumba aliyekuwa analia.

"Mama," akauliza, "huyu aliye ndani anaitwa nani?"

Mlango hugongwa, mtu huitwa.