Nafasi ya Mchi wa Pili

Mjane mmoja alikuwa akitwanga mpunga uani kwake, peke yake. Zamani alitwanga na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nyumba ya pili. Kinu kimoja, michi miwili: huu ukipanda, ule unashuka. Mnajua raha yake, kina mama.

Siku ya kumzika mumewe, wifi alisema mbele ya waombolezaji: "Kaka yangu angekuwa na mke wa kumuuguza, angepona." Tangu hapo miaka mitatu ilipita, na njia baina ya nyumba zile ikaota nyasi.

Jioni moja jirani alikuja kuazima ungo. Akasimama akimtazama.

"Mama, mbona unatwanga nusu nusu? Unapiga, unangoja, ndiyo unapiga tena."

"Nazeeka, mwenzangu. Nachoka."

"Uchovu gani huo? Wewe unampisha mtu. Unamngoja nani?"

Mjane akashusha mchi. Hakuwa amejua. Miaka mitatu mikono yake ilikuwa ikiacha nafasi ya mchi wa pili.

"Mimi nilishamsamehe," akasema. "Kila Jumapili naisali ile Sala ya Bwana, 'kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea.' Aje tu aombe radhi, mlango uko wazi."

"Uko wazi? Mbona lango la upande wake umelifunga kwa waya?"

Jirani akachukua ungo, akaenda zake.

Kesho yake mjane alifungua ule waya. Akakilaza kinu, akakibingirisha kwenye nyasi hadi mlangoni kwa wifi yake. Kisha akarudi kuchukua mchi na mpunga.

"Wifi, hodi. Nisaidie, mpunga huu mkaidi."

Wifi alitoka, akamtazama, akarudi ndani. Mjane akabaki amesimama. Akafikiri, basi, nimejiaibisha bure. Mara akasikia kitu kikiburutwa darini, juu ya jiko. Wifi akatokea na mchi wake. Ulikuwa mweusi kwa moshi, lakini mzima; wadudu hawakuugusa.

"Kila jioni nakusikia," wifi akasema. "Nasikia pale pangu. Lakini kwa maneno niliyoyasema msibani, ningekuja kwa uso gani? Nisamehe, wifi yangu."

"Twanga kwanza. Kunakuchwa."

Wapendwa, kati ya wawili hawa aliyekosewa ni nani? Na aliyesukuma kinu ni nani?

Sisi tukifika kwenye ule mstari wa Sala ya Bwana, tunaupita mbiombio. Tunasema tumesamehe, halafu tunakaa uani tukingoja mkosaji apate ujasiri ambao sisi wenyewe hatuna. Je, Kristo alitungoja hivyo? Alitufuata mlangoni, tukiwa bado hatujui la kumwambia.

Yupo mtu unayemkumbuka ukila, ukicheka, ukitwanga. Usiniambie mimi jina lake. Nenda nyumbani leo, na kabla hujainjika chungu, fungua ule waya. Huenda mwenzako bado ameuhifadhi mchi wake darini, juu penye moshi, akisikiliza.