Siagi Kiduchu, Ubao Mpana

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanaona haya kula huku mgeni anatazama, aliishi bwana mmoja, Kasanda. Ng'ombe wake wote walikuwa mdomoni. Zizini alikuwa na mbuzi mmoja, tena mgonjwa.

Siku moja alikutana mnadani na Maganga, tajiri wa mifugo, akamwambia aje kwake na nduguze wale siagi. Akarudi nyumbani, akawaagiza wanawake waandae siagi, kisha akalala.

Wanawake wenyewe walikuwa wawili: Milembe, mkewe, na Nyamizi, mjane wa nduguye, ambaye mwanawe mdogo alikunywa uji mtupu kwa kukosa maziwa. Wakatazamana. Siagi ya mbuzi mgonjwa?

Milembe akaenda kuomba maziwa kwa jirani yao, Kabula, mwenye ng'ombe mmoja. Kabula akatoa. Ndama wake akalala njaa, na kijiji kizima kikajua kwamba Kabula ametoa, maana alipita akiwaambia.

Maziwa yalipoganda, Nyamizi akayatia kibuyuni. Akasukasuka jua likachomoza, akasukasuka jua likawaka, akasukasuka mikono ikavimba. Likatoka donge la kujaa kiganja. Akachovya kidole, akamlambisha mwanawe. Donge likapungua.

Milembe alipoliona akalia. Lingemtosha mgeni mmoja, tena mwenye aibu. Kisha akafuta machozi, akachukua ubao mpana, akaipakaza siagi yote juu yake, nyembamba mno, akainyunyizia chumvi, pilipili na asali, na pembeni akapanga viazi vitamu vya kuchoma. Ungeuona ungedhani nyumba ile inaoga siagi.

Wageni wakauzunguka ubao. Huyu akachota kwa kiazi, akampisha mwenziwe. Yule akachota, akampisha mwenziwe. Wakacheka, wakagusana viwiko, wakala mpaka wakawa wanakwangua mti. Maganga akalamba vidole.

"Aliyeandaa siagi hii," akasema, "nampa ng'ombe mtamba."

Kasanda akawa wa kwanza kusimama. "Nisingewaalika, mngekula wapi? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na kweli, kwake kila mgeni alimponya yeye peke yake.

Kabula, aliyekuwa akichungulia tangu mwanzo, akaingia. "Siagi ni maziwa, na maziwa ni yangu. Ndama wangu alilala njaa."

"Maziwa yako yalitoa donge," akasema Milembe. "Aliyelifanya likatosha watu wote hawa ni mimi."

Kabula akamnyooshea Nyamizi kidole, akasema huyu alimlambisha mwanawe siagi ya wageni. Nyamizi hakukana.

"Nilimlambisha, shemeji," akamwambia Kasanda. "Lakini mikono iliyovimba ni hii. Nikipata mtamba, mwanangu hataomba tena maziwa kwa watu."

Maganga akaona maneno haya yatamchelewesha. Akaagiza mtamba aletwe, akamkabidhi Kasanda kamba, akasema mwenye nyumba aamue kwa haki. Kasanda akaishika, akasema anafikiri.

Bado anafikiri. Mtamba amekwisha kuzaa, na maziwa anakunywa yeye anayefikiri. Mtoto wa Nyamizi yuko kwenye uji wake uleule.

Najua wako hapa watakaosema kwamba bila Kasanda kusingekuwa na karamu. Wewe uliyekwisha kufungua kinywa, futa kwanza siagi mdomoni, kisha unijibu: je, nani alistahili kuishika kamba ile?