Gemu la Machungwa la Stendi ya Muheza

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya fisi kuoa bali zamani ya juzijuzi tu, watu wakiwa tayari na simu za kupangusa mkononi, palikuwa na fundi simu pale stendi ya Muheza. Alikuwa msichana, jina lake Kidawa, na kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango. Kazi yake ilikuwa kubadili vioo na kuchomea sehemu za chaji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magemu. Alijifundisha mwenyewe kuyatengeneza kwenye kompyuta kuukuu, na alishatengeneza mawili, la nyoka na la matofali, yote ya kuiga. Watu walimsifu. Walisema ameiga vizuri, na hilo ndilo lililomkera. Alitaka siku moja tu, moja, aambiwe hili ni lako.

Jirani yake alikuwa Bwana Shekue, mwenye banda la kuonyeshea mpira na sinema, lile watu wanaloliita kibanda umiza, na ukikaa kwenye mabenchi yake utajua kwa nini. Humo alifanya kazi Mhina, mtafsiri. Sinema ya ughaibuni ikianza, Mhina hushika kipaza sauti akaieleza kwa Kiswahili hapohapo. Mtu kwenye kioo akisema maneno matatu, Mhina husema thelathini. Alitia chumvi, kila mtu alijua anatia chumvi, na kwa ajili hiyo banda lilijaa.

Sasa, huko Ulaya kuna maonyesho makubwa ya magemu. Kila mwaka kampuni hupanda jukwaani moja moja kutangaza magemu yanayokuja. Jumamosi moja alasiri Bwana Shekue akayaunganisha moja kwa moja kwenye kioo chake, vijana wakajaa hadi mlangoni. Kidawa alifunga kibanda akaenda. Mama Singano, muuza machungwa wa stendi, naye akaingia na beseni lake la machungwa yaliyomenywa, maana penye vijana wengi pana kiu.

Kampuni ya kwanza ikatangaza gemu la mpira. Mhina akasema mwaka huu nyasi zimepandwa upya na kila jani lina jina lake. Vijana wakanung'unika kwamba mwaka jana nyasi, mwaka juzi nyasi, lini watawekewa refa anayeona. Kampuni ya pili ikatangaza gemu la vita, sehemu ya tisa. Mmoja akasema hapo sawa, mwingine akasema adui ni yuleyule, kabadilishiwa kofia tu. Ya tatu ikaleta mashine mpya ya kuchezea, na bei yake ilipotokea kwenye kioo Mhina aliiruka kwa huruma.

Ya nne ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote. Akapanda mwanamume mwenye fulana nyeusi, akafungua mdomo, na mtandao ukakata. Mdomo ukabaki wazi kwenye kioo. Watu wakaanza kupiga miluzi, wengine wakadai kiingilio chao. Mhina alikuwa mtu asiyeweza kukaa na kipaza sauti mkononi akanyamaza. Alitupa macho nje. Basi la Tanga lilikuwa linaingia, na akina mama wenye mabeseni walikuwa wanalikimbilia.

"Picha imeganda, lakini sauti naipata huku sikioni. Anasema hivi," Mhina akasema. "Mwaka huu tumechoka na bunduki. Tunawaletea gemu la mama muuza machungwa. Basi linaingia stendi, beseni kichwani, una dakika mbili. Kimbilia mlangoni, uza yote kabla basi halijaondoka. Chungwa likidondoka, umekufa."

Weee, banda lilichafuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Hayo mengine yote yalisahaulika, nyasi, vita, mashine, sasa kila mmoja ana maoni yake juu ya machungwa. Huyu anasema gemu hilo ni la akina mama. Yule anauliza bila bunduki utashindaje, na mwenzake anamjibu kwamba kumbe hajawahi kuuza kitu maishani mwake. Katikati ya kelele hizo Mama Singano akatua beseni chini.

"Huyo mzungu hajui kazi," akasema. "Mlangoni yuko konda, utauza nini mlangoni? Machungwa yanauzwa dirishani. Upande wa kivuli mapazia yako wazi, lakini watu hawana kiu. Kiu iko upande wa jua, na huko wamefunga. Lazima ujue kugonga. Ukigonga kwa hasira hawafungui ng'o."

Mhina akakigeukia kile kioo kilichoganda, kisha akamjibu bila kupepesa kwamba mzungu amesikia na atarekebisha. Mtandao uliporudi, mwenye fulana nyeusi alikuwa ameshashuka.

Kuanzia Jumatatu Kidawa hakupumua. Kila anayekuja na simu anataka gemu la machungwa. Alilitafuta mtandaoni kote, hakuliona. Akaenda kumuuliza Mhina, na hapo Mhina angeweza kusema kweli. Hakusema. Alimwambia wale watu sisi hutuletea mwishoni, avute subira. Kidawa akauliza lina mabasi mangapi. Saba, Mhina akasema, na la saba halisimami, linapunguza mwendo tu.

Mnamcheka Kidawa? Hata nyinyi mngeamini. Alijua kabisa kwamba Mhina anatia chumvi, lakini chumvi hutiwa kwenye mboga. Hakujua kwamba siku ile hapakuwa na mboga yoyote sufuriani.

Akaona akisubiri wenyewe walilete atazeeka. Akaamua kuliiga. Aliketi miezi kumi na mmoja. Alipokwama kwenye hadithi alikwenda kwa Mhina, na Mhina, kwa vile alishaanza, akamwongezea konda mkali, mvua na mbuzi anayekatiza njia. Alipokwama kwenye kazi yenyewe alikwenda kwa Mama Singano. Mama Singano alimtwisha beseni, akamkimbiza kwenye mabasi siku nzima, machungwa yakamwagika hadi mtaroni. Alimfundisha kugonga dirisha kwa kucha, mara tatu, taratibu, huku unatabasamu. Yote Kidawa aliyaingiza.

Gemu lilipokamilika stendi nzima ililicheza. Dereva mmoja alichelewesha basi la Lushoto akisingizia tairi. Watu walikuja kumpongeza Kidawa wakimshika mkono, nao wakamwambia ameiga vizuri sana. Akaitikia asante, na roho ikamuuma.

Na kwa kuwa alikuwa mwaminifu, akaiandikia ile kampuni kubwa barua kwa Kiingereza chake cha sekondari, akaambatisha na gemu lenyewe. Aliwaambia ameiga gemu lao la machungwa kwa sababu linachelewa kufika, wamsamehe, na likifika lao yeye atalifuta la kwake.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kidawa aliwaita Mama Singano, Mhina na Bwana Shekue kibandani, akawasomea. Kampuni ilisema haijawahi kuwa na gemu la machungwa. Siku ile ilitangaza gemu la kupanda milima kwa baiskeli. Ila hili la Kidawa wamelicheza siku tatu hadi kazi zikalala, na wanataka kulitangaza jukwaani kwenye maonyesho yajayo. Anayepanda jukwaani ni mtu mmoja, yule ambaye gemu ni lake. Walete jina lake kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Kidawa alirudia kusoma pale pasemapo haijawahi. Kisha akamtazama Mhina, na Mhina akatazama viatu vyake. Alimkasirikia, jamani, alimkasirikia kweli, na hapohapo akafurahi mpaka akaangua kicheko. Kumbe miezi yote ile hakuwa anaiga cha mtu. Alikuwa bado anacheka peke yake Mhina aliposema jina linalotakiwa kwenda ni la kwake yeye.

"Nilidanganya, sikatai," Mhina akasema. "Lakini kabla sijafungua mdomo, gemu hili halikuwepo popote duniani. Na ningekuambia kweli, Kidawa, ungekaa kulitengeneza? Miaka kumi na minne natafsiri maneno ya watu. Yale ndiyo yangu ya kwanza."

Mama Singano akatikisa kichwa. "Hukubuni kitu, baba. Ulichungulia mlangoni ukawaona wenzangu. Ulitafsiri kama siku zote, safari hii ulitutafsiri sisi, na bado ukakosea. Watu wanachokipenda humu ni kule kugonga upande wa jua, na mkono ule ni wangu. Nimegonga miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kufungua akaniuliza jina."

"Nawaheshimu nyote wawili," Kidawa akasema. "Uongo wa kaka Mhina ulisikiwa na banda zima. Mabasi, mama, kila mtu anayaona. Aliyekaa chini akalifanya ni mmoja. Maisha yangu yote naambiwa naiga. Leo watu wa mbali wamesema sikuiga, na nyinyi mnataka nirudi kulekule?"

Hapo Bwana Shekue akakohoa, akauliza je, ule mtandao uliokatika ulikuwa wa nani. Walicheka wote mpaka Kidawa akafuta machozi.

Waliiandikia kampuni kuomba wapande watatu. Ikajibu ni mmoja. Wakaiuliza stendi. Vijana wakasema Mhina, akina mama wakasema Mama Singano, mafundi wakasema Kidawa, na makonda wakagombana wao kwa wao. Mwishowe wakakubaliana kwamba Kidawa ataandika jina alionalo ni haki, na wengine hawatanung'unika.

Ijumaa saa sita kasorobo Kidawa aliketi mbele ya kompyuta. Mama Singano alimwambia, "Andika, mwanangu. Utakayemwandika nitampigia makofi." Mhina akamfutia vumbi kioo cha kompyuta, akarudi nyuma. Laiti wangemkazania Kidawa, angeandika jina lake mwenyewe bila aibu. Alichokitaka tangu alipoanza kazi kilikuwa mbele yake, herufi sita tu. Lakini atakayepanda pale ataulizwa swali moja mbele ya dunia nzima, kwamba gemu hili lilitoka wapi, na itabidi ajibu.

Zimebaki dakika kumi na tano, na kidole kiko juu ya herufi. Nyinyi mliokaa hapa mkicheka, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kuandikwa?